SOMO LA ROBO HII: Mifupa ya Vijana Inatuambia Nini?



Huku Mchikichini tunakutana na vijana wadogo wanaobeba mabelo ya mitumba kutwa nzima. Wakubwa husema, "Mwacheni akomae." Tulipime neno hilo kwa ushahidi wa kale.

Ushahidi wenyewe
Kati ya mwaka 1991 na 2007, wataalamu walichimba eneo la soko la Spitalfields, London, palipokuwa na hospitali ya watawa ya St Mary Spital. Walipata mifupa ya watu zaidi ya 10,500 wa Karne za Kati. Baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walichunguza mifupa ya vijana 994 wa miaka 10 hadi 25, kutoka hapo na makaburi mengine ya Uingereza ya kati ya mwaka 900 na 1550.

Umri hujulikanaje?
Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefuka. Kijana akikaribia utu uzima, gegedu hugeuka mfupa na urefu hukoma. Meno nayo huweka alama za njaa na maradhi ya utotoni.

Walichokiona
Vijana wale walianza kubalehe wakiwa na miaka 10 hadi 12, kama wa leo, lakini walichelewa kumaliza. Wasichana walivunja ungo kwa wastani karibu miaka 15. Lishe duni, maradhi na kazi ngumu ndizo sababu zinazotajwa. Baadhi walikuwa na madhara kwenye uti wa mgongo na viungo.

Funzo kwetu
Mzigo haumkomazi kijana. Humkuta mifupa yake bado inakua. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza ya Dunia. Hatutaki watoto wetu wawe wapagazi wapya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 huruhusiwa kazi nyepesi tu.

Maswali ya kujadili
1. Ni vijana wangapi wa mtaa wetu wanaobeba mizigo badala ya kwenda shule?
2. Je, wanakula nini mchana?
3. Kamati itamsaidiaje mzazi anayetegemea kipato hicho?