Somo la Uzazi: Uchungu wa Kuzaa na Wajibu wa Mume

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia Mtume wake Muhammad (s.a.w.) rehema na amani, somo hili ni katika jambo ambalo wanaume wengi hawalijui, nao hudhani kuwa kutolijua ni katika adabu. Mume humwona mkewe amebeba mimba miezi tisa. Ikifika saa yenyewe huitwa wanawake, mlango hufungwa, naye hutoka barazani kunywa kahawa na kungoja khabari. Kutoka si aibu, kwani chumba kile kina wenyewe. Lakini kutoka pasipo kutayarisha neno lolote, wala kujua lipi ni la kawaida na lipi ni la khatari, hiyo si haya. Huko ni kughafilika.

Siku hizi wako wanawake watakao kuzaa pasipo dawa ya kuondoa uchungu, na wako wasioipata hata wakiitaka, kwa kuwa hospitali nyingi hazina. Wote wawili wahitaji matayarisho yale yale. Basi yapasa mume ayajue, ili awe msaada, asiwe mzigo.

FASILI YA KWANZA: Uchungu ni nini

Uchungu wa kuzaa si ugonjwa, wala haufanani na maumivu ya jino au ya jeraha. Jeraha huuma kwa kuwa mwili umeharibika. Uchungu wa uzazi huuma kwa kuwa mwili unafanya kazi. Mji wa mimba ni msuli wenye nguvu nyingi. Unapojikaza huuvuta mlango wake ufunguke kidogo kidogo, mpaka ufikie upana wa sentimita 10, mtoto apate kupita. Kisha hulegea, na mama akapumzika.

Uchungu ukishakolea, kila mkazo huchukua kadiri ya dakika moja, kisha hupita, yakafuata mapumziko ya dakika mbili tatu. Mwenye kuyajua haya hungoja dakika moja. Asiyeyajua huona mbele yake usiku mzima. Na hii ndiyo siri ya kwanza ya kuzaa pasipo dawa: mama hauchukui uchungu wote kwa mara moja, bali huuchukua mkazo mmoja mmoja, kama nahodha akabilivyo mawimbi, moja baada ya jingine, wala hayapigi yote pamoja.

Mwanzo wa uchungu waweza kuwa mrefu, hata siku na usiku wake, wala hilo peke yake si baya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilieleza kuwa uchungu wenyewe hasa huhesabiwa tangu mlango wa uzazi ufikapo sentimita 5. Na tangu hapo aghalabu hauzidi saa 12 kwa mimba ya kwanza, wala saa 10 kwa mimba zifuatazo.

FASILI YA PILI: Khofu huzidisha uchungu

Mwaka 1847 tabibu James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi dawa ya klorofomu wanuse, wasisikie uchungu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza akaitumia alipomzaa mwanawe Leopold, na tangu hapo watu wengi wakaitaka. Baadaye akatokea tabibu mwingine wa Kiingereza, Grantly Dick-Read, aliyetoa kitabu juu ya uzazi wa kimaumbile mwaka 1933. Yeye alisimulia kuwa katika mtaa wa masikini wa Whitechapel, mjini London, alimwendea mwanamke aliyekuwa akijifungua katika chumba kinachovuja, akampa klorofomu, naye akaikataa. Na alipokwisha kuzaa akasema kuwa hakuumia. Tabibu yule akafikiri sana, kisha akasema: khofu huukaza mwili, na mwili uliokazika huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha khofu. Mwaka 1951 tabibu wa Kifaransa, Fernand Lamaze, alikwenda nchi ya Kisovieti, akarudi Paris na mafundisho ya kumzoeza mwenye mimba kupumua kwa utaratibu na kuyajua mambo ya mwili wake kabla ya siku kufika.

Katika maneno ya Dick-Read mna kweli na mna kosa. Kosa lake ni kudhani kuwa asiyeogopa hasikii uchungu, na kuwa wanawake wa mataifa yaliyo mbali na mambo ya kizungu huzaa bila ya taabu. Mkunga yeyote wa pwani angalimkanusha. Wako wanawake majasiri, wenye subira, nao huumia sana. Kweli yake ni hii: mtu akiogopa, mwili hutoa adrenalini, ambayo humtayarisha kukimbia au kupigana, nayo huweza kuuzuia uchungu usiendelee. Mtu akitulia, mwili hutoa oksitosini, iukazayo mji wa mimba, na endofini, ambayo ni dawa ya maumivu iliyoumbwa ndani ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo chumba kitulivu, mwanga mdogo na watu wachache si anasa. Ni katika dawa.

Na mwenye kuzingatia kisa cha Bibi Maryamu katika Sura ya 19 ataona mafunzo. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, naye kwa dhiki akatamani lau angalikufa kabla yake. Hakukemewa kwa maneno yale. Alilotangulizwa kwalo ni kutulizwa moyo asihuzunike. Kisha akaonyeshwa maji chini yake, akaambiwa alitikise shina, zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, na moyo wake uburudike. Basi aliye bora katika wanawake alisema uchungu wake. Vipi mume wa leo amwambie mkewe kuwa kulia ni upungufu wa imani?

FASILI YA TATU: Matayarisho kabla ya siku

La kwanza ni mwenye mimba kuonekana na mkunga aliyesoma, mapema na mara nyingi; mwongozo wa dunia wa mwaka 2016 wataka mara zisizopungua 8. Huko hupimwa msukumo wa damu, wingi wa damu, na namna mtoto alivyolala. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye msukumo mkubwa wa damu, mwenye upungufu wa damu, au ambaye mtoto wake ametanguliza matako, huyo lazima azalie hospitali penye chumba cha kupasulia. Kuzaa pasipo dawa ya uchungu si kuzaa pasipo mkunga. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na wengi huyachanganya.

La pili ni kuutengeneza mwili: kutembea kila siku, kujizoeza kupiga magoti na kuchutama kwa kadiri ya uwezo, na kujifunza kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Mume aweza kujifunza pamoja naye, usiku baada ya Isha, robo saa tu.

La tatu ni chakula. Katika Jordan watabibu waliwatazama wanawake 69 waliokula tende sita kila siku kwa majuma manne ya mwisho ya mimba, wakawalinganisha na 45 wasiokula. Khabari zake zikachapishwa mwaka 2011. Waliokula tende, 96 katika kila 100 walianza uchungu wenyewe. Wasiokula walikuwa 79. Watu hao ni wachache, wala si hoja ya kukata. Lakini tende ni chakula chema, ila kwa mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye na aulize kwanza.

La nne ni la mume khasa. Aweke fedha kando tangu miezi ya mwanzo. Apatane na mwenye gari au mashua, mchana na usiku. Ajue hospitali ipi ina damu na ina mpasuaji, na awajue jamaa wawili watakaotoa damu ikihitajiwa. Na aseme wazi, mbele ya mkewe na mama mkwe, kuwa siku ile hakuna atakayengojewa kutoa ruhusa: mkunga akisema twendeni, ni kwenda.

FASILI YA NNE: Saa yenyewe

Mwenye uchungu asilale chali kwa muda mrefu. Na atembee, asimame ameegemea ukuta, apige magoti, au alale ubavu, vile mwili wake utakavyo. Anywe maji, chai au maji ya madafu kidogo kidogo, na ale kitu chepesi akitaka, maadamu mkunga hakumkataza. Kiuno chake kikandwe, au kiwekwe kitambaa cha maji ya moto. Mkazo ukija, alegeze mabega na taya, atoe pumzi ndefu, amtaje Mwenyezi Mungu. Ukipita, afumbe macho apumzike. Asianze kusukuma mpaka mwili wenyewe umsukume.

Na lililo kubwa kuliko yote ni kuwa asiachwe peke yake. Mwaka 2017 yalikusanywa majaribio 26, ya wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Ikaonekana kuwa waliokuwa na mtu wa kuwatuliza tangu mwanzo hata mwisho walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ukawa mfupi zaidi, na haja yao ya dawa ikapungua. Mtu huyo aweza kuwa mama, dada, somo yake, au mume mwenyewe, hospitali ikiruhusu na mke akitaka. Anayechagua ni mke. Na awe mtu wa maneno mema. Anayesimulia misiba ya wazazi wengine na atolewe chumbani kwa upole.

Mtoto akizaliwa mzima, alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita. Baba atakaye kuadhini na aadhini mtoto akiwa pale pale kifuani. Apewe ziwa katika saa ya kwanza. Na mama apigwe sindano ya oksitosini ya kuzuia damu. Sindano hii si dawa ya kuondoa uchungu. Aliyenuia kuzaa kimaumbile asiikatae, kwani kutoka damu kwa wingi ni katika mambo yanayowaua wazazi zaidi kuliko mengine.

FASILI YA TANO: Alama za khatari

Yafuatayo hayangojewi hata kwa muda wa kuswali rakaa mbili: damu kutoka kwa wingi kabla ya kuzaa au baada yake, kuumwa sana na kichwa, macho kuona kiza, au kupatwa na degedege, homa kali, maji ya uzazi yenye rangi ya kijani au harufu mbaya, mtoto kuacha kucheza, mkono, mguu au kitovu kutangulia, uchungu mkali uliopita saa 12 na mtoto hajazaliwa, na kondo la nyuma kukawia zaidi ya nusu saa.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walieleza kuwa wazazi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa pale walipofika. La tatu ni la watabibu. La kwanza na la pili, mara nyingi, ni la wanaume.

MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Je, ni dhambi mwanamke kutumia dawa ya kuondoa uchungu?
Jawabu: Si dhambi. Kujitibu kumeruhusiwa, na dawa ya tabibu mwaminifu ni katika neema. Aliyenuia kuzaa bila ya dawa kisha akashindwa, hakuvunja ahadi, wala haifai kusimangwa kwayo.

Suala: Mume akimkataza dawa mkewe ili apate thawabu zaidi?
Jawabu: Thawabu ya subira haipatikani kwa kulazimishwa na mtu asiyeumia. Mwili ni wa mke, na uchungu ni wake.

Suala: Imepokewa kuwa mwanamke afaye kwa uzazi huhesabiwa katika mashahidi. Basi kwa nini kukimbilia hospitali?
Jawabu: Aliyezama majini naye amehesabiwa hivyo, wala hakuna amwonaye mwanawe akizama akakaa ufukweni. Ushahidi ni karama ya Mwenyezi Mungu kwa aliyekufa, si udhuru wa aliyemwacha afe.

Suala: Mwanamume mwenye kazi au safari, je, aiache kwa ajili ya mke?
Jawabu: Siku ya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimwamuru Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) abaki Madina amuuguze mkewe Bibi Ruqayya, naye akamhesabia thawabu na sehemu ya ngawira kama waliohudhuria vita. Ikiwa Badri iliachwa kwa ajili ya mke mgonjwa, ni safari gani ya biashara isiyoweza kuachwa?

KHATIMA

Basi mume asiulize tu, "Amezaa nini?" Na aanze kwa kuuliza, "Yu hali gani?" Na kabla ya siku ile aulize mengine: fedha zipo? Gari lipo? Damu ipo? Nani atakaa naye? Mwenye majibu ya maswali haya na akae barazani anywe kahawa yake, kwa kuwa amekwisha kufanya kazi yake. Asiye nayo, kahawa ile na iwe chungu kinywani mwake mpaka ayapate.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu, awape wepesi katika saa yao, na awape waume zao akili ya kuamka mapema. Amin.