Dondoo muhimu: Kabla ya kupiga lipu nyumba ya mawe

Kuta za nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, lipu hubanduka mapande mapande na kuondoka na uso wa jiwe. Basi kama ukuta una saruji, ibandue yote kwanza, ukuta ukauke.

Chokaa iliyochomwa ikitiwa maji huchemka kwa nguvu: vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Iache majini wiki kadhaa, miezi ikiwezekana, mpaka ilainike kama siagi. Changanya kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Lowesha ukuta, piga lipu nyembamba, ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa. Ukiharakisha hapa, itapasuka. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa.

Malizia kwa chokaa nyeupe, kamwe si rangi ya plastiki.