ZAMBEZI: MTO MMOJA, NCHI NANE



Kila mmoja wetu anajua saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka. Tunaijua mashine tunayoiendesha, au kipande cha shamba tunachopewa asubuhi. Lakini tukiulizana maji ya kiwandani yanatoka wapi, na yale machafu yanayopita mferejini nyuma ya kiwanda yanakwenda wapi, wengi wetu tunanyamaza. Somo hili linahusu jambo hilo. Tutajifunza bonde la mto Zambezi, kisha tutaona kwa nini ulinzi wake ni kazi ya chama cha wafanyakazi pia, wala si ya serikali peke yake.

1. Mto na bonde lake

Zambezi unaanzia kwenye vilima vya Kalene, upande wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi ya Zambia. Hapo ni chemchemi ndogo tu msituni. Unapita Angola, unarudi Zambia na kutanda katika mbuga za Barotse, kisha unagusa Namibia na Botswana. Karibu na mji wa Livingstone unaanguka katika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo wengine huyaita Victoria, yenye kimo cha mita 108. Baada ya hapo unaendelea kuwa mpaka wa Zambia na Zimbabwe, unaingia ziwa la Kariba, unapita Msumbiji kwenye bwawa la Cahora Bassa, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Safari yote ni kilomita zipatazo 2,600.

Lakini mto si ule mkondo mkubwa peke yake. Bonde la mto ni nchi yote ambayo mvua ikinyesha, maji yake hufuata vijito mpaka yaingie katika mto huo. Bonde la Zambezi lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 1.4. Limo katika nchi nane: Angola, Botswana, Malawi, Msumbiji, Namibia, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Zaidi ya watu milioni 40 wanaishi humo.

Wengine watashangaa kuiona Tanzania, kwa sababu Zambezi haupiti katika ardhi yake. Basi tufuate mvua inayonyesha juu ya mashamba ya chai ya Rungwe. Maji yake yanaingia mto Kiwira, na Kiwira unaingia Ziwa Nyasa, ambalo ndugu zetu wa ng'ambo huliita Ziwa Malawi. Kutoka ziwani unatoka mto Shire. Shire unazungusha mitambo ya umeme ya Malawi, unamwagilia miwa ya Nchalo, unapokea mto Ruo unaoleta maji kutoka mashamba ya chai ya Mulanje, kisha unaingia Msumbiji na kuungana na Zambezi. Mbele yake yapo mashamba ya miwa ya Marromeu, halafu bahari. Kwa hiyo mchuma chai wa Rungwe na mkata miwa wa Marromeu, ambao hawajapata kuonana, wamo katika bonde moja.

2. Maji na mshahara wetu

Ukuta wa Kariba ulijengwa kati ya 1955 na 1959. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kandokando ya mto, na wafanyakazi zaidi ya 80 walikufa katika ujenzi. Tusisahau kwamba umeme ule ulilipiwa kwa damu ya wafanyakazi na kwa ardhi ya wakulima.

Umeme huo ndio unaoendesha migodi na viwanda vingi vya Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2024 mvua ilikosekana, na mwezi wa Februari serikali ya Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Maji ya Kariba yalipungua mno, na umeme ukawa unakatwa kwa saa nyingi kila siku. Mashine ikisimama, kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani.

Malawi nako, Januari 2022 tufani iliyoitwa Ana ilileta mafuriko makubwa na kubomoa sehemu ya bwawa la Kapichira kwenye mto Shire. Karibu theluthi moja ya umeme wa nchi ilipotea. Tufani hatuwezi kuizuia. Lakini vilima vilivyokatwa miti huteremsha maji kwa kasi na kujaza matope mitoni, na hilo linatokana na mikono ya watu.

3. Funzo la Kafue

Mto Kafue ni mkono mkubwa wa Zambezi. Unapita katikati ya migodi ya shaba, unamwagilia miwa ya Nakambala, na sehemu ya maji ya mji wa Lusaka inatoka humo. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la maji machafu ya mgodi mmoja wa shaba huko Chambishi ulipasuka. Maji yenye tindikali, lita zipatazo milioni 50, yaliingia kijito cha Mwambashi na kutoka hapo yakaingia Kafue. Samaki walikufa, mazao ya wakulima wa kando yakaungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Ndege za jeshi zilitumwa kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali wa ile tindikali.

Sisi wa mashambani tusidhani kwamba uchafu ni wa migodi tu. Mbolea inayozidi mahitaji ya mimea huchukuliwa na mvua mpaka mtoni, na humo hulisha magugu maji. Magugu hayo huziba njia za samaki na milango ya mitambo ya umeme. Dawa ya kuulia wadudu inayomwagwa kijitoni wakati wa kuosha bomba la mgongoni humpata kwanza yule aliyelibeba, halafu mke na watoto wake wanaoteka maji chini. Na Ziwa Nyasa haliondoi uchafu upesi: maji yake mengi hugeuka mvuke, na yanayotoka kwa njia ya Shire ni machache. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana.

4. Mapatano ya nchi nane

Serikali zimekwisha kutambua kwamba hakuna nchi inayoweza kuulinda mto huu peke yake. Mwaka 1987 Zambia na Zimbabwe ziliunda mamlaka ya pamoja ya kuangalia Kariba. Tarehe 13 Julai 2004, huko Kasane, Botswana, nchi saba zilitia sahihi mapatano ya kuunda kamisheni ya bonde zima, ijulikanayo kama ZAMCOM. Zambia ilijiunga baadaye. Mapatano yalianza kutumika mwaka 2011, na ofisi yake ipo Harare. Msingi wake ni huu: maji yatumiwe kwa haki, na nchi yenye mpango unaoweza kuwadhuru wengine iwaarifu mapema.

Mapatano haya ni mema. Lakini ofisi ya Harare haiwezi kuona kila mfereji wa kila kiwanda. Anayeuona ni mfanyakazi wa zamu ya usiku.

5. Kazi yetu

Hapa ndipo penye ugumu. Mfanyakazi akiona ukuta wa bwawa umeanza kupasuka, au bomba likimwaga usiku, anajiuliza: nikisema, kesho nitakuwa na kazi? Hofu hiyo si ujinga. Mtu mmoja ni rahisi kufukuzwa. Kwa hiyo asiachwe aseme peke yake. Amwambie katibu wa tawi, tawi liandike tarehe, saa na mahali, na barua iende kwa mwenye kiwanda na kwa ofisi ya serikali inayohusika kwa jina la chama.

Wapo watakaosema kwamba tunataka viwanda vifungwe. Sivyo. Kiwanda ndicho kinachotulisha. Tunataka kirekebishwe kabla hakijaharibika, maana ukuta ukipasuka, mgodi husimamishwa na anayekosa mshahara ni sisi. Haki ya maji safi iingizwe katika mikataba yetu ya kazi pamoja na mshahara, buti na glavu.

Maji hayarudi mlimani. Tukichelewa kusema, wenzetu wa chini watakuwa wamekwisha kuyanywa.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Maji ya kiwanda au shamba letu yanatoka mto gani? Yakitoka kwetu yanaingia wapi?
2. Nani wanaishi chini yetu na kutumia maji hayo?
3. Ni dawa gani zinazotumika kazini kwetu, na vyombo vyake huoshwa wapi?
4. Mwenzetu akitoa habari ya uchafu, tawi litamlinda kwa njia gani?