Dondoo muhimu: Kuhamisha kanda ya obokano bila kuiharibu

Kama nyumbani kwenu Ekerenyo bado kuna kaseti ya babu akipiga obokano, ala ya nyuzi ya Wagusii, ihamishie kwenye kompyuta mapema, maana utepe huchakaa. Ila usiharakishe kazi yenyewe.

Kiwango cha sauti kwanza. Hapa ndipo kanda nyingi huharibikia. Nyuzi nane za obokano zina besi nzito. Pigo moja likizidi uwezo wa kifaa, kilele cha wimbi hukatwa. Utasikia mkwaruzo, na hakuna programu itakayokirudisha jinsi kilivyokuwa. Cheza kwanza sehemu yenye kishindo zaidi, kisha punguza sauti hadi kilele kifike desibeli -6 hivi.

Chagua biti 24. Biti 16 hugawa sauti katika ngazi 65,536. Biti 24 katika ngazi zaidi ya milioni 16. Kila kipimo cha wimbi (sampuli) husogezwa hadi ngazi iliyo karibu, na kosa hilo dogo husikika kama mchakacho hafifu nyuma ya wimbo; ngazi zikiongezeka, kosa hupungua.

Sampuli 44,100 kwa sekunde zinatosha. Ukipima mara 8,000 tu bila kuchuja kwanza mitetemo ya kasi, mtetemo wa mara 5,000 kwa sekunde utarudi kama wa 3,000: sauti ambayo babu hakuipiga kamwe. Na ukichuja, utapoteza ukali wa ule mngurumo unaoitambulisha obokano. Mimi nisingekubali kuupoteza.

Hifadhi faili ya WAV, nakala mbili. Kaseti usiitupe.