Kompyuta ya Kujiundia: Tusisahau Kisanduku cha Stima

Wengine wenu mmetuuliza: je, mtu anaweza kuunda kompyuta mwenyewe, kwa kununua sehemu moja moja? Ndiyo, anaweza. Sisi tumeunda. Lakini ile ya kwanza ilitutia hasara, na ndiyo maana tunaandika somo hili.

Tulitaka kuweka hesabu za kikundi cha akiba. Tulinunua prosesa nzuri na memori nzuri, halafu pesa zikaisha. Basi tukachukua kasha la bei rahisi lililokuja na pawa saplai ndani yake, yaani kile kisanduku cha chuma ambamo waya wa stima huingia. Jioni moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu. Pu! Moshi. Kisanduku kiliungua, kikaenda na bodi pamoja na diski. Ilibidi tuwaombe akina mama walete stakabadhi zao, tuandike upya. Wengine walikuwa wamezipoteza, na maneno yakawa mengi. Kumbe tulikuwa tumebana pesa mahali pabaya.

Kisanduku hiki hufanya kazi gani? Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240. Sehemu za kompyuta haziwezi kuitumia hivyo. Zinataka volti 12, 5 na 3.3, na kisanduku ndicho kinachobadilisha. Kwa hiyo kikiharibika vibaya, sehemu zote zimo hatarini.

Sasa tufuate hatua hizi:

1. Piga hesabu ya wati. Tuchukue kompyuta ya ofisi: prosesa 65, bodi na memori 50, diski 10, feni na vitu vidogo 15. Jumla ni wati 140. Prosesa nyingi hupita kiasi kilichoandikwa zikifanya kazi nzito, kwa hiyo zidisha mara mbili: 280. Kisanduku cha wati 300 hadi 350 kinatosha. Ukiongeza kadi kubwa ya picha, fuata wati anazotaja mtengenezaji wa kadi hiyo.

2. Soma kibandiko cha pembeni. Usidanganywe na namba kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, uzidishe kwa ampea zake. Chetu kiliandikwa 500 kwa herufi kubwa, lakini volti 12 zilikuwa na ampea 14 tu: 12 mara 14 ni wati 168! Alama ya 80 PLUS nayo huonyesha kwamba kisanduku hakipotezi umeme mwingi kwa joto.

3. Angalia swichi ya nyuma. Visanduku vingine, hasa vya zamani, vina swichi ndogo ya 115 na 230. Hapa kwetu lazima iwe 230. Ukiwasha ikiwa 115, kisanduku kitaungua papo hapo.

4. Hakikisha sehemu zinapatana. Prosesa na bodi ziwe za soketi moja. Memori ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, ikikataa, usiisukume. Plagi kubwa ya bodi huwa na pini 24, na ya prosesa 4 au 8. Nyaya za kisanduku kimoja usizichomeke kwenye kingine, hata kama zinaingia, kwa sababu mpangilio wake waweza kuwa tofauti.

5. Linda maisha yako. Kisanduku usikifungue kamwe. Hata baada ya kuchomoa plagi, ndani hubaki umeme unaoweza kuua. Tumia plagi ya miguu mitatu, na fundi ahakikishe soketi ya ukutani ina waya wa ardhini.

Mahali stima inapopotea mara kwa mara, weka pesa ya betri ya akiba ili upate nafasi ya kuzima kompyuta taratibu. Na kila jioni nakili hesabu zako kwenye diski nyingine. Kisanduku kizuri hakiondoi haja ya nakala.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Siku hizi sisi tunaanza bajeti na kisanduku, ndipo tunagawa pesa zilizobaki.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
– Kompyuta yetu inahitaji wati ngapi?
– Kibandiko chasema ampea ngapi kwa volti 12?
– Leo ikiungua, hesabu za wanachama tutazipata wapi?