Nyumba Inayokimbiwa na Wanunuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, alinijia mtu mmoja baada ya sala ya alasiri, naye ni mtu mzima, mwenye kuhudhuria darsa zetu. Akaketi akasema: "Sheikh, naomba uniandikie kombe, au unisomee maji nikayanyunyize nyumbani. Nauza nyumba ya marehemu baba, huko Mji wa Kale. Mwaka wa pili huu. Wanunuzi watatu wameipenda, bei tumepatana, wawili wametoa na arbuni, kisha wote wamerudi nyuma. Watu waniambia nyumba imefungwa."

Nikamwuliza: "Imefungwa na nani?"

Akasema: "Na jirani. Tangu zamani ana kijicho."

Sikumwandikia kombe. Nalimwambia: "Kesho niletee hati ya nyumba, na unieleze yote uliyowaambia watu hao watatu, usibakishe neno." Yaliyotoka katika mazungumzo yetu ndiyo somo letu la leo. Mwenyewe amenipa ruhusa kuyaandika, maadamu sitamtaja jina, kwani alisema huenda yakamfaa mwingine.

Kabla hatujaingia katika masuala yenyewe, yatupasa kusema neno juu ya husuda. Hatukatai kuwa ipo, na Sura ya Falaq yatufundisha kujikinga nayo kwa Mola wetu. Lakini kuwako kwake hakutupi ruhusa ya kumtuhumu jirani bila ushahidi, wala kuifanya kuwa jawabu la kwanza la kila khasara. Mtu ambaye duka lake halina wateja husema amefungwa, na mizani yake haijakaguliwa. Basi na mwenye nyumba, kwanza na aikague mizani yake.

SUALA LA KWANZA: JE, NYUMBA NI YAKO?

Hati niliyoletewa ilikuwa kwa jina la baba, naye amekwisha kufa miaka sita. Mama alimtangulia. Warithi ni watoto watatu: wanaume wawili na mwanamke mmoja. Nikamwuliza juu ya umbu lake. Akasema: "Yuko Malindi kwa mumewe. Yeye hana neno. Mimi ndimi mkubwa."

Mnunuzi wa kwanza alikwenda na wakili wake kutazama daftari la ardhi, wakaona jina la marehemu. Akataka kuona warithi ni nani, na wote watie sahihi. Alipoambiwa kuwa dada hana haja ya kuulizwa, akaaga akaenda zake. Je, huyo amefungwa? La, huyo amefunguliwa macho! Ameogopa kununua kesi, na ameogopa kula haki ya mtu. Lau angekuwa mwanafunzi wangu ningalimpongeza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Basi nyumba hii ni mafungu matano, baada ya kulipwa deni la maiti na kutekelezwa wasia wake. Ikiuzwa kwa shilingi 5,000,000, kila ndugu mwanamume ana 2,000,000, na umbu lao ana 1,000,000. Hiyo si zawadi atakayopewa na kaka akipenda. Ni mali yake tangu siku aliyokufa baba yake. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, mwenye kuuza mali ya mtu mwingine bila idhini yake, uuzaji wake katika mali hiyo hausihi. Isitoshe, Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye mshirika katika nyumba au shamba kuuza kabla ya kumjulisha mshirika wake.

Basi mwenye kutaka kuuza nyumba ya urithi, na aanze kwa kadhi, ambaye katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010 imempa uamuzi wa mambo ya mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Warithi wajulikane, mafungu yaandikwe, kisha ndipo aitwe dalali. Pia na atazame kama nyumba si wakfu, kwani wakfu hauuzwi, na pwani yetu ina wakfu nyingi ambazo wajukuu wamezisahau. Na kama ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi katika mitaa ya Mombasa, mwenyewe akilipa kodi kwa mwenye ardhi, na aseme hivyo tangu siku ya kwanza. Mnunuzi ataipata khabari hiyo vyovyote. Tafauti ni moja tu: ataipata kwako naye akuamini, au ataipata kwa wengine naye akukimbie.

SUALA LA PILI: AIBU YA NYUMBA

Mnunuzi wa pili aliletwa mwezi wa pili, wakati wa kaskazi, na kuta zilikuwa zimetoka kupakwa rangi. Akaridhika, akatoa arbuni ya shilingi 100,000. Ilipoingia masika, akarudi kupima vyumba. Akakuta rangi imefura, chumvi imetoka ukutani, na juu ya dari boriti mbili zimeliwa na mchwa. Akataka fedha zake. Mwenye nyumba akamwambia: "Umerudi nyuma mwenyewe, arbuni imekwenda."

Ndugu zangu, nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunywa maji kutoka chini na huyatoa kwa kupumua. Mtu akizikandika saruji, maji hukosa njia, na chumvi husukuma lipu mpaka ikabanduka. Hiyo ni aibu ijulikanayo na kila fundi, na dawa yake ijulikana. Haukuwa msiba kuwa nyumba ina chumvi. Msiba ni kuwa muuzaji aliijua akaifunika kwa rangi.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya chakula, akakuta ndani kuna umaji, na juu pakavu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamkemea kwa kuuweka umaji chini watu wasiuone, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Tazameni: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuuficha. Na ukuta uliopakwa rangi juu ya chumvi ni chakula kile kile, pakavu juu na umaji chini.

Akiificha aibu, mnunuzi ana haki ya kurudisha, nayo ndiyo khiari ya aibu. Akiibainisha, mnunuzi akakubali, basi amenunua kwa macho mawili na hana la kurudi kudai. Kwa hiyo kusema kweli ndiko kunakomlinda muuzaji. Wengi wadhani kuwa kutaja aibu kwafukuza wanunuzi. Hapana shaka kwafukuza baadhi yao, lakini huwafukuza siku ya kwanza, bila gharama wala ugomvi, na atakayebaki ndiye mnunuzi wa kweli.

SUALA LA TATU: MNUNUZI WA UONGO

Mnunuzi wa tatu alikuwa kijana mpole, akitafuta makao ya mkewe na watoto. Hakuwa na fedha zote mkononi. Alikuwa akingojea jawabu la benki. Mwenye nyumba, kwa kuchoka kungoja, akamwambia: "Kuna mtu wa Lamu ameniahidi laki tano zaidi, nakupa mpaka Ijumaa." Mtu wa Lamu hakuwako. Kijana akaingiwa na hofu, akakopa kwa rafiki zake, akatoa arbuni 100,000. Baada ya wiki tatu benki ikamkatalia, akarudi nyuma.

Kupandisha bei kwa mnunuzi asiyetaka kununua ni jambo alilolikataza Mtume (s.a.w.), na wanavyuoni huliita najshi. Ama mnunuzi ambaye hayuko duniani kabisa, huo ni uongo usio na hata sura ya biashara. Na tazameni matunda yake: mtu aliyeharakishwa hutoa neno ambalo hana uwezo wa kulitimiza. Mwenye nyumba hii alimtengeneza kwa mkono wake mnunuzi wa kurudi nyuma, kisha akalalamika kuwa amerudi nyuma. Lau angalimwuliza kwa upole, "Fedha zako ziko wapi, na benki itakujibu lini?" angalijua la kufanya.

SUALA LA NNE: ARBUNI

Hapa ndipo alipotulia zaidi kunisikiliza, kwani zile laki mbili alikuwa amekwisha kuzitumia kutengenezea paa.

Wanavyuoni wamekhitalifiana. Imamu Shafii, Imamu Malik na Imamu Abu Hanifa hawakuona kuwa yafaa muuzaji kuichukua arbuni mnunuzi akirudi nyuma, kwa kuwa ni mali iliyochukuliwa bila badali. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu, akitegemea khabari ya Nafi bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Sayyidna Umar nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka iwe gereza, kwa dirhamu 4,000, kwa sharti kuwa Umar akiridhika biashara imetimia, na asiporidhika Safwan apate dirhamu 400. Katika mwaka 1993 Baraza la Fikhi ya Kiislamu, lilipokutana Brunei, lilichukua kauli ya kuruhusu, kwa sharti muda wa kungoja uwekwe wazi.

Basi nikamwambia: "Laki ya mnunuzi wa pili si halali yako kwa madhehebu yoyote, kwani hakurudi nyuma kwa matamanio yake, ulimficha aibu, naye ana haki ya kurudisha. Na laki ya kijana, katika madhehebu yetu irudi kwake. Hata ukitaka kushika kauli ya Imamu Ahmad, wewe hukumwekea muda, na ulimtia katika biashara kwa uongo. Rejesha zote mbili, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, nilikuja kutaka dawa, nikapata deni." Nikamjibu: "Deni ulikuwa nalo kabla hujaja."

SUALA LA TANO: HAKI YA MUUZAJI

Msidhani kuwa tumemwekea muuzaji mzigo wote. Wako wanunuzi wanaoahidi nao hawana nia, wakaifunga nyumba ya mtu miezi mitatu huku wakitafuta rahisi zaidi, na kuvunja ahadi kwa makusudi ni katika alama za unafiki. Wako na madalali ambao bei ikisha kukatika humfuata mnunuzi kisirisiri na kumvutia nyumba nyingine ili wapate ushuru mara mbili. Haya nayo yamekatazwa, kwani haifai kuuza juu ya mauzo ya ndugu yako, wala kununua juu ya ununuzi wake.

Kinga yake ni maandishi. Aya ya 282 ya Sura ya Baqara imetuelekeza kuandika deni na kushuhudisha tunapouziana. Na sheria ya Kenya haikubali mashitaka juu ya mkataba wa kuuza ardhi au nyumba ila uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na wote wanaohusika, na sahihi zimeshuhudiwa. Basi yaandikwe haya: bei, aibu zilizobainishwa, fedha zitatoka wapi na lini, muda wa mwisho, na arbuni itakuwaje biashara isipotimia. Wengi wetu huona haya kuandikiana, tukasema "sisi ni ndugu". Lakini udugu mwingi umevunjwa na neno ambalo kila mmoja alilisikia kwa namna yake.

Na akija mnunuzi mwenye udhuru wa kweli, aliyefilisika au aliyefiwa, akakuomba umwachilie, basi mwachilie. Jambo hili laitwa ikala, na Mtume (s.a.w.) amemuahidi mwenye kumuondolea Muislamu mwenziwe biashara aliyoijutia kuwa Mwenyezi Mungu atamuondolea yeye kuteleza kwake siku ya Kiyama. Ni nani kati yetu asiyeteleza?

KHATIMA

Limebaki neno juu ya jirani. Nalimwuliza mwenzetu: "Huyo jirani uliyemtuhumu, umepata kumwambia kuwa wauza?" Akasema hajamwambia. Nikamhadithia khabari ya Abu Rafi, ambaye alikuwa na vyumba viwili ndani ya kiwanja cha Saad bin Abi Waqqas. Alikwisha kupewa bei ya dinari 500, lakini akamwuzia Saad kwa dirhamu 4,000 za kulipwa kwa mafungu, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake. Kwa Mashafii, jirani asiye mshirika hana shufaa ya kumlazimisha mtu. Lakini adabu ni kumuuliza kabla ya mgeni.

Alikwenda Malindi. Umbu lake alimwambia kuwa kwa miaka sita hakuwa akingoja fedha, alikuwa akingoja kuulizwa. Sasa wako kwa kadhi. Boriti mbili zimebadilishwa. Kijana amekwisha kurejeshewa shilingi 40,000, na mnunuzi wa pili 30,000. Jirani ameombwa radhi, akasema yeye hana uwezo wa kununua ila atamwuliza mwanawe.

Nyumba haijauzwa ninapoandika haya, wala sikumuahidi kuwa itauzwa upesi, kwani riziki ina mwenyewe. Lakini akija mnunuzi wa nne, hatakuta mlangoni kitu cha kumkimbiza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe ukweli katika kuuza na kununua kwetu, na atuepushe na kula mali za ndugu zetu. Wallahu aalam.