Kupika Leo kwa Ajili ya Kesho

Hitima ikiwa ya kesho mchana, jiko huwashwa leo jioni. Si vibaya; mchuzi wa nyama uliolala hata hukolea viungo zaidi. Kinacholeta balaa ni sufuria kubwa kuachwa jikoni, imefunikwa, mpaka asubuhi.

Pilau ya kilo tano ikipoa juu, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu huzaliana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kisha kihifadhiwe kwenye ubaridi usiofika nyuzi 5. Basi usingoje sufuria ipoe yenyewe. Pakua pilau kwenye masinia, itandaze iwe nyembamba. Sufuria ya mchuzi iweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, na maji yakipata moto uyabadilishe. Ndipo uingize kwenye friji, bila kuijaza pomoni.

Wali una mtego wake. Bakteria waitwao Bacillus cereus huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukilala nje, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Kusema "nitaupasha sana" hakusaidii. Utupwe, hata kama haujachacha wala kunuka. Inauma, kwa bei ya mchele ilivyo, lakini kuharisha na kutapika kwa wageni kunauma zaidi.

Vya nazi navyo huharibika upesi. Maharage yachemshe leo uyaweke kwenye friji bila tui. Kesho kuna nazi, yaunge.

Huna friji? Usipike leo. Chagua mchele, twanga viungo vikavu, loweka maharage, kaanga vitunguu vya pilau mpaka vikauke. Hiyo ni nusu ya kazi. Mwenye friji naye, umeme ukikatika usiku, asiifungue ovyo. Ikifungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa 4.

Kesho yake mchuzi utokote kabisa, si kupata joto la kugusa tu. Pilau ifuke mvuke mpaka katikati, igeuze kwa mwiko. Pasha kiasi kitakacholiwa, kwa kuwa kilichopashwa na kubaki hakirudi kwenye friji. Kachumbari ikatwe wageni wakiwa wananawa.